Kondoo wa Mkwe

Kukipambazuka huko Terrat, pembezoni mwa jiji la Arusha, kinachosikika kwanza ni kengele za mbuzi. Siku hiyo Mama Nkasiogi alikuwa ameshakamua. Maziwa aliyamimina kwenye dumu la njano, akaweka kipande cha nailoni juu ya mdomo wake, kisha akakaza kifuniko. Kilele cha Meru kilikuwa bado kimejifunika mawingu.

"Leo nawe umechelewa kuamka," aliuambia mlima, akaenda kumtazama kondoo wake.

Kondoo huyo alikuwa jike, mwekundu, mwenye mkia mnene. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika kwenye seng'enge. Hakuwa kondoo wa kuuzwa. Mama wa kondoo huyo ndiye aliyeletwa na Lemburis alipomwoa Anna, binti wa pekee wa Nkasiogi. Kwa Waarusha, mkwe humpa mama mkwe kondoo jike. Tangu siku hiyo hawaitani tena kwa majina. Huitana Paker, kwa sababu ya yule kondoo. Heshima kati yao ni kubwa. Hawakai pamoja, hawataniani, wala mama hamhojihoji mkwewe.

Lemburis alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Morogoro. Anna alikuwa naye, na tumbo lake la kwanza lilikuwa limeshakuwa kubwa.

Miaka ile simu za mkononi zilikuwa zimeingia karibu kila boma. Watu walianza kuweka hela kwenye simu badala ya kwenye kopo. Nkasiogi naye aliweka humo hela ya maziwa, kidogo kidogo. Alitaka tenki la maji, lile jeusi la plastiki, likinge maji ya mvua kwenye bati lake. Mgongo wake ulikuwa umechoka kubeba madumu.

Alikuwa akifagia zizi simu ilipolia. Namba hakuijua.

"Haloo, mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama, umenisahau? Mimi mkweo."

Nkasiogi aliacha ufagio. Alivuta kitambaa chake kichwani, kana kwamba mkwe anamwona. Kwa kawaida aliyekuwa akipiga simu ni Anna. Mkwe alituma salamu tu.

"Anna hajambo?" aliuliza.

"Ndicho nilichopigia, mama. Anna si mzima."

"Ni tumbo?"

"Tumbo, mama. Tuko hospitali. Wanataka kumpasua."

"Na mtoto?"

"Wote wawili wana hali mbaya. Lakini hela ikiingia sasa hivi watapona. Simu ya Anna imezimwa. Yangu haina chaji, hii ni ya daktari. Tuma kwenye namba hii hii. Na usimwambie mtu, mama, wasije wakaanza kulia kabla ya wakati."

Nkasiogi alijiuliza kwa nini mkwe hakumwita Paker. Akajijibu mwenyewe. Mtu ambaye mke wake anasubiri kisu atakumbuka nini? Kumwuliza zaidi aliona aibu. Utamwulizaje mkwe, "Wewe ni nani hasa?"

Basi yule mtu akamwongoza. Bonyeza hapa, mama. Sasa andika namba yangu. Sasa weka namba yako ya siri. Alibonyeza kila alichoambiwa. Hela ya tenki ikaondoka yote, wala haikutoa hata sauti.

Asubuhi yote hakuweza kunywa hata chai. Alikaa kwenye kigoda akiomba kwa Kiarusha na kwa Kiswahili, asije akakosa kusikika katika lugha moja. Mchana simu ikalia tena.

"Mama, haikutosha. Sasa anahitaji damu."

"Mkwe wangu, kwenye simu hamna kitu tena."

"Huna hata mfugo, mama?"

Nkasiogi alitazama zizini. Ng'ombe wake ndiye aliyetoa maziwa yote ya nyumba. Mbuzi walikuwa wamekonda kwa kiangazi. Kondoo mwekundu alikuwa amesimama kivulini, akitafuna.

"Basi nitamtoa yule kondoo wetu," alisema, na sauti yake ikawa nyembamba. "Ni kwa ajili ya Anna. Nawe usinihesabie vibaya."

Alisubiri. Alijua mkwe atakataa. Mkwe yeyote angesema, uza kila kitu, mama, ila huyo mwache.

"Kondoo gani?" iliuliza ile sauti.

"Yule."

"Mama, kondoo ni kondoo. Uza yeyote, ila fanya haraka."

Hayo hayakufanana na maneno ya mkwe. Nkasiogi alikata simu, akajifunga shuka, akatoka.

Njiani kulikuwa na duka la Kandida. Kandida alikuwa mwanamke wa Rombo aliyeolewa Arusha. Aliuza sukari, sabuni na mafuta ya kupima. Alichaji simu za watu, tena alikuwa wakala wa kuweka na kutoa hela kwa simu. Kila siku alinunua maziwa kwa Nkasiogi.

"Shikamoo, yeyoo," alisema, kwa neno ambalo huko humaanisha mama. "Leo umenikomoa. Nimekunywa chai ya rangi kama niko jela." Kisha akamtazama vizuri. "Kuna nini?"

Nkasiogi alieleza yote. Alipofika kwenye kondoo, Kandida aliweka chini kipimo cha mafuta, akafuta mikono kwa khanga.

"Umempigia Anna?"

"Simu yake imezimwa."

"Nani amesema imezimwa?"

"Mkwe."

"Tumuulize mwenye simu. Namba yake ya siku zote si unayo humu?"

Kandida alibonyeza, akamwekea Nkasiogi simu sikioni. Ililia mara kadhaa.

"Haloo, yeyoo? Mbona saa hizi? Nasonga ugali."

Nkasiogi aliketi juu ya kreti la soda.

"Tumbo lako?" aliuliza.

"Linanipiga mateke tangu asubuhi. Huyu atakuwa mchezaji mpira. Yeyoo, unalia?"

"Silii. Nimemeza vumbi. Mume wako?"

"Yuko kazini, anachomelea geti la mtu. Kuna nini?"

"Nitakueleza. Geuza ugali wako usiungue. Nilitaka tu kukusikia."

Alipokata simu, alifunika uso kwa shuka. Kandida alimwacha amalize. Alimletea kikombe cha maji, akakaa naye pale chini, mteja mmoja akasubiri na chupa yake ya mafuta.

"Mimi ni mjinga, Kandida."

"Wewe ni mama. Huyo alilijua hilo tu, hakujua lingine. Hebu tukumbuke pamoja. Nani alitaja jina la Anna kwanza?"

Nkasiogi alifikiri. "Mimi."

"Nani alisema ni tumbo?"

"Mimi."

"Na mtoto?"

"Mimi, Kandida. Yote nilisema mimi."

"Umeona. Wanapiga namba yoyote. Akipokea mama mtu mzima, wanasema mimi mkweo, au mimi mwanao. Kila mama ana mtoto. Baada ya hapo wewe unawasimulia, wao wanaitikia. Kisha wanasema fanya haraka, usipate muda wa kufikiri. Wanasema usimwambie mtu, usipate wa kukuzuia. Ukisikia haraka na siri vimekuja pamoja, na hela inatajwa, kata simu. Halafu mpigie mtu wako mwenyewe, kwa namba uliyoizoea."

"Na kama kweli ni mgonjwa?"

"Kama ni kweli, yeye au aliye naye atakwambia. Kupiga simu moja hakumcheleweshi mgonjwa."

Nkasiogi alikunywa maji. "Aliniambia niweke namba ya siri. Sikumtajia. Niliweka mwenyewe."

"Hapo ulijisaidia. Namba ya siri hatajiwi mtu. Hata mimi wakala, usinitajie. Hata akisema ni wa kampuni ya simu. Wa kampuni wa kweli haiulizi."

Kisha Kandida alipiga ile namba ya huduma iliyoandikwa kwenye bango la duka lake. Walisikiliza muziki mrefu. Dada wa kampuni akawaambia hela imeshatolewa upande wa pili. Kama wangepiga mara tu baada ya kutuma, huenda ingezuiwa. Lakini ile namba wataifungia, na mama aende kuripoti polisi.

Kandida alifunga duka, akamsindikiza. Polisi waliandika maelezo, wakachukua namba ya yule mtu. Kisha Nkasiogi akampigia Anna, akamweleza yote. Hela ya tenki haikurudi. Kondoo alibaki, maana hakuwa ametoka zizini.

Jioni simu ililia. Safari hii namba ilikuwa ya Anna, lakini sauti ilikuwa ya mwanamume.

"Paker."

Nkasiogi alivuta kitambaa kichwani. "Paker," aliitikia. Neno hilo moja lilimlegeza mwili mzima.

"Anna amenieleza, na mimi nimeumia. Ulitoa kila ulichonacho kwa ajili yake."

"Niliogopa kukuuliza. Niliona nitakuvunjia heshima."

"Kuanzia leo niulize, Paker. Ningekuwa mimi kweli, ningefurahi ukiniuliza. Ningejua nyumba yetu ina mlinzi."

"Nikuulize nini?"

"Habari ya kondoo."

Nkasiogi alifikiri. "Waarusha wengi wanajua habari ya kondoo wa mkwe. Mwizi anaweza kuwa mmoja wetu."

"Basi niulize sikio. Sikio gani limechanika. Hilo tunalijua watatu tu, wewe, mimi na Anna. Wala tusilitaje mbele za watu."

Wakakubaliana hivyo.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Nkasiogi aliomba nafasi. Alikuwa na aibu, lakini alisimama akaeleza yote, isipokuwa habari ya sikio. Baada ya ibada, nje, pale wanapopigia mnada ndizi na mayai ya sadaka, wanawake walimzunguka. Mmoja alisema naye aliliwa hivyo hivyo, akanyamaza kwa sababu ya aibu. Mwingine alisema naye pia. Wote waliondoka wakisema, nyumbani kwetu nasi tutafute swali letu.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha simu ya namba ngeni ilipomkuta Nkasiogi dukani kwa Kandida.

"Mama shikamoo, mimi mkweo. Nimepata ajali."

"Pole sana, baba. Kondoo wetu ana alama gani?"

"Kondoo? Ana... ana pembe, mama."

"Nzuri?"

"Nzuri sana, mama."

"Basi zishike hizo hizo, usianguke tena."

Akakata. Kandida alicheka mpaka akamwaga mafuta ya mteja, ikabidi ampimie upya. Kisha wakaipeleka ile namba kwenye kampuni, ifungiwe.

Mwezi wa kumi na mbili, pikapu ilisimama mbele ya boma. Anna alishuka kwanza, amembeba mtoto wa kike kifuani, usingizi mzito. Nyuma ya gari kulikuwa na kitako cha vyuma, kirefu, kimepakwa rangi ya kijani. Lemburis alikichomelea mwenyewe, kiwe cha kuwekea tenki. Tenki lenyewe Nkasiogi alikuwa amelinunua wiki iliyopita, kwa hela ya maziwa aliyoianza upya.

Nkasiogi alimpokea mtoto, akamnusa shingoni. Alinukia maziwa na safari. Zizini kondoo mwekundu alikuwa akimnyonyesha mwanawe.

Lemburis hakuingia. Alisimama mbali kidogo, kwenye geti la miiba, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Paker," alisema.

Nkasiogi alimtazama. Wao hawataniani, lakini siku hiyo alishindwa kujizuia.

"Sikio gani?" alinong'ona.

Lemburis hakuinua macho, ila mdomo wake ulitabasamu.

"La kushoto."

"Karibu nyumbani," alisema Nkasiogi.