Jumla Ina Mtu Mmoja Zaidi

Mama Euphrasia alileta sahani mbili za ugali na dagaa wa omena ofisini, na ndani ya ofisi alikuwemo Amuron peke yake.

"Ya pili ni ya nani, mama?"

"Si wewe ndio umenitumia ripoti? Jumla imesema kumi na moja. Nimepika kumi na moja." Akaiweka sahani kwenye meza ya pembeni, penye kiti kitupu, akaenda zake. Yeye ni mpishi. Kubishana na kompyuta hakumo kwenye kazi yake.

Ndivyo mambo yalivyokwenda katika yadi moja ya malori, mpakani Malaba. Kila asubuhi wafanyakazi hubonyeza kidole kwenye mashine ya getini, Amuron huandaa ripoti ya walioingia kwa kila idara, na Mama Euphrasia hupika kwa kufuata mstari wa chini kabisa, ule wa jumla. Sasa tazama: getini wanne, gereji watano, ofisini mmoja, na mpishi mwenyewe habonyezi. Mtoto wa chekechea angekwambia ni kumi. Ripoti ilisema kumi na moja.

Amuron aliona aibu kuliko hofu. Tangu wenzake wahamishiwe Busia alibaki peke yake kwenye ofisi yenye meza sita, na hakutaka waseme huko kwamba hata kujumlisha kumemshinda. Akanyamaza, akala akiwa ameipa mgongo ile meza ya pembeni. Aliponyanyuka kwenda kunawa, sahani ya pili ilikuwa imekombwa.

Alimshuku askari wa getini. Siku iliyofuata, sahani zilipokwisha kuletwa, akafunga mlango kwa komeo. Mvua ya mchana ikaleta giza, stima ikapotea, taa zikazimika, na katika kishindo cha mabati alisikia mtu akitafuna nyuma yake, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na harufu ya udongo uliolowa na breki zilizoungua ikamjia shingoni, naye akabaki ameshika tonge bila kugeuka, bila kumeza, akisikia kila tonge la mwenzake likishuka, mpaka mvua ikaisha na kiti kikarudishwa nyuma kwa adabu.

Alimpigia simu Yasin, aliyekuwa akifanya naye kazi ya ripoti kabla ya kuhamishiwa Busia. Alinong'ona.

"Dada, hiyo jumla haijumlishi laini zako za idara," Yasin alisema. "Hapo ndio watu wengi hukosea. Fomula ikifika chini inarudi kwa data yote, inahesabu upya kila mtu ako ndani. Kuna mtu amebonyeza kidole na hana idara. Juu haonekani, chini anahesabiwa."

"Nimemwona kwenye data. Alama ya kidole iko, jina hakuna. Huingia kabla yangu."

"Basi andika fomula ipitie idara moja moja, ichukue jibu la kila moja, halafu ijumlishe hayo majibu pekee. Atatoka. Lakini hebu niambie ukweli. Hiyo sahani inaliwa?"

"Inaliwa."

"Subhanallah." Sauti yake ikashuka. "Usimkatie chakula kimyakimya. Nyanya yangu alikuwa akiwatoa majini kama hao. Jini akishalishwa ni mgeni, na mgeni huagwa kwa mdomo. Mwambie, chakula chako kimeisha, rudi ulikotoka. Usipomwambia atakuja kwa sahani yako. Na mkila sahani moja, huyo ni wako mpaka kaburini. Umenisikia, Amuron?"

Alimsikia. Alichoshangaa ni kulisikia jina lake kinywani mwa mtu. Mume wake alikwenda Kampala kutafuta kazi. Simu zikawa za kila wiki, kisha za kila mwezi, kisha hazikuja. Getini humwita madam. Nyumbani Amagoro ni redio tu inayomtakia usiku mwema. Upweke ni kitu kibaya, na asikudanganye mtu kwamba unazoeleka.

Asubuhi akaandika fomula kama alivyoelekezwa. Ikapita getini, ikapita gereji, ikapita ofisini, ikajumlisha ilichokikuta humo tu. Kumi. Ripoti ikawa sahihi. Ikabaki kumuaga mgeni.

Alisimama mbele ya kile kiti. Alipokigusa, kilikuwa na joto. "Chakula chako..." alianza. Maneno mengine aliyajua, lakini yalikataa kutoka, kwa sababu aliwaza mchana wa kesho na wa kesho kutwa, meza sita na yeye, ugali wake na kimya chake, na mgongo usio na mtu nyuma yake, akarudi kuketi.

Mama Euphrasia alileta sahani moja. "Leo namba imepungua," alisema. "Nani ameacha kazi?"

"Hakuna, mama."

Mlango ukafungwa. Siku hiyo hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa likiwaka, na katika mwanga wote huo kiti cha pembeni kikaburutwa sakafuni, kikapita meza moja baada ya nyingine, bila mtu wa kukivuta, kikaja kusimama ubavuni pake, na harufu ya breki ikamjaa puani, na upande wa pili wa ugali vidole visivyoonekana vikazama, tonge likamegeka, likainuka.

Bado alikuwa na nafasi ya kumuaga. Akasogeza sahani ikae katikati yao.

"Kula polepole," alinong'ona. "Ugali bado ni moto."