Dawa Juu ya Tanuri

Mwokaji alikuwa na rafu moja aliyoipenda kuliko kitu chochote dukani. Ilikuwa juu ya tanuri, penye joto la kiasi. Kila asubuhi aliweka hapo mabakuli ya unga uliokandwa, na unga ukaumuka vizuri.

"Hamira ni kiumbe hai," aliwaambia wateja, watake wasitake. "Ikipata joto inachapa kazi. Ikipata baridi inalala fofofo."

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani. Alishonea mlangoni mwa duka hilohilo. Alikuwa na kisukari. Mwili wake haukutengeneza insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye chembe za mwili. Kwa hiyo alijichoma sindano ya insulini kila siku, na alikuwa mzima.

Siku moja jirani yao alikuja kununua mkate. Alikuwa mtafiti. Mtaa mzima ulimwita Bi Darubini, kwa sababu alishinda maabara akichungulia vijidudu. Alikiona kichupa cha dawa mkononi mwa Mama Pacha.

"Baba Pacha," akasema, "unajua dawa hii imetengenezwa na hamira?"

"Hamira kama hii yangu?"

"Ndugu yake hasa."

Akatazama saa, akachukua mkate, akaondoka mbio. Alikuwa amechelewa kazini.

Mwokaji akabaki na furaha yake. Kumbe dawa ya mkewe ilikuwa jamaa! Lakini vichupa vilikaa kwenye friji ndogo ya duka, nyuma ya siagi. Hamira kwenye baridi? Si italala? Hakumuuliza mtu. Akavitoa vyote vinne, akavipanga juu ya tanuri.

"Mbona umevihamisha?" Mama Pacha akauliza.

"Mambo ya hamira niachie mimi."

Akamwachia. Mume wake alikuwa ameoka mikate miaka kumi na tisa.

Wiki mbili hazikuisha. Mama Pacha akawa anakunywa maji na hatosheki. Msalani haishi kwenda. Asubuhi moja alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu mara tano.

"Baba Pacha, macho yangu yana ukungu."

"Umejichoma dawa?"

"Sijaruka hata siku moja."

Kisha akatapika. Mwokaji akaiacha mikate tanurini, akamkimbiza hospitali.

Sukari ilikuwa imepanda mno. Walimlaza, wakamtundikia dripu. Mwokaji akakaa kwenye benchi, ameshika tama. Aliogopa kufiwa na mkewe, na hakujua amekosea wapi. Bi Darubini akamkuta hapo.

"Pole, kaka. Mikate yako imeungua yote."

"Iungue tu."

Nesi akatoka wodini. "Mmewahi," akasema. "Mngengoja hadi kesho, tungekuwa tunasema mengine. Dawa mnaiweka wapi?"

"Juu ya tanuri," mwokaji akajibu. "Hamira hupenda joto."

Bi Darubini akakaa kwenye benchi.

"Kosa ni langu pia," akasema. "Nilikupa nusu ya habari. Sikiliza. Kila kiumbe hai kina maagizo ndani yake, kama wewe unavyomwagiza mfanyakazi: unga kiasi hiki, maji kiasi hiki. Mwili wa binadamu una maagizo ya kutengeneza insulini. Watafiti waliyaandika upya, wakayaweka ndani ya hamira. Hamira ikayafuata, ikatengeneza insulini."

"Basi si imo humo?"

"Haimo. Ikimaliza kazi inaondolewa, na insulini inasafishwa. Kwenye kichupa hakuna kilicho hai. Mkate ukishaiva, hamira yake bado inaumua?"

"Aa, wapi! Imekufa na moto."

"Na mkate uliokwisha kuiva ukiuacha kwenye joto siku nyingi?"

"Unaharibika."

"Basi. Insulini ni mkate, kaka. Si hamira."

Mwokaji akainamisha kichwa. Hilo alilielewa mara moja, na likamchoma.

"Visivyofunguliwa vikae kwenye friji," nesi akasema, "lakini visigande. Ikiganda imeharibika vilevile. Kilichofunguliwa kinaweza kukaa nje wiki nne hivi, mahali penye ubaridi, mbali na jua na moto. Hivyo vya juu ya tanuri nirudishie, visitumike tena. Na sukari ikipanda ilhali anajichoma dawa, usikisie. Mlete."

"Wasio na friji wafanyeje?" mwokaji akauliza.

"Ndiyo kazi yetu pale maabara," Bi Darubini akajibu. "Tunabadilisha maagizo kidogo kidogo, tupate insulini isiyoogopa joto. Mwaka wa sita huu. Tukiipata inayovumilia, haifanyi kazi vizuri. Inayofanya kazi, haivumilii. Bado tunajaribu."

Siku ya nne Mama Pacha alirudi nyumbani. Vichupa vipya vikarudi nyuma ya siagi. Bi Darubini alikuja na kipimajoto, akakiweka kwenye rafu juu ya tanuri, akaandika alichosoma.

"Cha nini?" mwokaji akauliza.

"Nataka wenzangu wajue dawa yetu inaweza kukutana na nini."

"Ikifaulu hapo, dada, imefaulu dunia nzima."

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja, duka likiwa limejaa wateja, Mama Pacha aliketi kwenye cherehani yake. Akalowesha ncha ya uzi, akausogeza kwenye tundu la sindano. Mwokaji akaacha kupima unga.

Uzi ukapita mara ya kwanza.

"Leta hilo shati," mkewe akasema bila kugeuka. "Kifungo kinaning'inia tangu nilipougua."

Mwokaji akalivua palepale, mbele ya wateja wote, huku analia.