Mkono Kwenye Mpini

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo nimelipindua mara nyingi, na sijalipatia jibu. Siku ile ukumbi mzima ulicheka. Walicheka vijana, walicheka watu wazima, alicheka hata mlinzi wa mlangoni ambaye kwa kawaida huwa amesinzia. Mtu mmoja tu hakucheka. Kwa nini basi akachukuliwa yeye? Katika kisa hiki yumo bibi mwenye jibu lake, na utalisikia. Mimi jibu hilo halijanituliza mpaka leo.

Aliyenisimulia ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mpiga piano ambaye watu wengi humwita Vidole. Nakitoa kama nilivyokipokea, sikukitia chumvi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku ya kawaida kabisa, jua kali la kukausha nguo. Vidole alikuwa ukumbini akipangusa vumbi la wiki kwenye piano yake. Jumba lile la sinema lilikuwa kama la ukoo wao. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa fundi wa mashine kule juu, na mke wa kaka, mwenye mimba iliyokwisha kumzidi hatua, alikaa kwenye dirisha la tiketi.

"Wifi!" aliita kutoka dirishani. "Leo piga kitu kinachoeleweka. Wiki iliyopita ulimlaza mlinzi."

"Mlinzi halali kwa piano, analala kwa mshahara."

"Basi muonee huruma huyu wa tumboni. Ukianza tu, ananipiga mateke. Ana hasira za shangazi yake."

Meneja wao walimwita Chapchap, kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Haki yake tumpe: ndiye aliyebuni Jumamosi za filamu za kale, zile bubu, za enzi ambazo watu walikuwa bado wanaijaribu kamera waone inaweza nini. Mtu anapiga chafya. Farasi anaruka ua. Kivuli cha mkono kinakua mpaka kinajaza ukuta. Vidole alipiga piano chini ya turubai ya kuonyeshea picha, na watazamaji walikuja. Wengine waliletwa na mapenzi ya vitu vya kale, wengine waliletwa na feni za ukumbini, na sioni cha kuwalaumu.

Wiki ile kulikuwa na jipya. Bibi mmoja aliyekonda kama ufito alileta mkebe wa bati wenye filamu moja, pamoja na mashine ya kuionyesha, ya kuzungushwa kwa mkono. Mpini wake wa mbao ulikuwa umelainika kama mfupa. Alisema filamu ile aliipiga babu yake. Chapchap alimwingiza ofisini, wakaongea wawili tu, mlango umefungwa. Bibi alipotoka, alitazama nyuma mara moja kama aliyesahau kitu, kisha akaenda zake.

"Amesemaje?" fundi aliuliza.

"Kasema mzungushe. Na mimi nakwambia mzungushe chapchap! Watu wa leo hawana subira, mtu anaangalia simu huku anasali. Na wewe Vidole, tupe kitu cha kutikisa mabega."

Taa zikazimwa. Kule juu fundi akashika mpini.

Filamu ilikuwa ya chumba kimoja. Kitanda kidogo. Mtoto amelala. Mwanamke ameketi kando yake, anampepea kwa kitambaa. Nyuma yake, ukutani, kilikuwapo kivuli cha mtu mwembamba mwenye kofia. Mkono wa kivuli ulikuwa ukizunguka, ukizunguka. Ndiye aliyekuwa anazungusha kamera.

Kwa mwendo wa Chapchap, mwanamke yule alikuwa kichekesho. Kitambaa kilipigapiga kama bawa la kuku anayefukuzwa jikoni. Aliinama, akainuka, akainama, akainuka. Watu wakaangua kicheko. Vidole alikuwa amekwisha kuingia kwenye wimbo wa kurukaruka, na vidole vyake vilikwenda mbele ya akili yake.

Kisha akauona uso wa mwanamke.

Alikuwa anasema kitu, lakini hakumwambia mtoto. Alikuwa anakiambia kivuli. Alinyoosha mikono yote miwili, akasema tena, na ukumbi ukacheka zaidi, maana mikono ilirushwa kama ya mwanasesere wa kamba. Kivuli hakikuacha kuzungusha. Kifua cha mtoto kilipanda. Kikashuka.

Hakikupanda tena.

Vidole aliinua mikono kwenye piano. Kicheko kiliendelea bila muziki. Mwanamke alimfunika mtoto uso, akageuka, akatazama mbele. Alitazama juu ya vichwa vya watu wote, kule nyuma, kwenye kitundu cha chumba cha mashine.

Jioni fundi alikuwa amejikunyata kwenye ngazi. "Mimi sikucheka. Nilitaka kupunguza mwendo," alimnong'oneza dada yake. "Mpini ulinikatalia."

Mwanzo walifanya utani. Mezani alimaliza sahani yake mkewe akiwa bado anajipakulia.

"Baba nanihii, nani anakukimbiza?"

"Hakunaninanjaatu," alijibu, maneno yamebebana.

Halafu utani ukaisha. Alinyoa asubuhi, adhuhuri ana ndevu. Alijilaza, akageuka, akaamka, shuka halijapata joto. Alipanda ngazi kwa hatua za haraka zenye mikatomikato, kama mtu wa kwenye filamu iliyopunguzwa picha. Hospitali walisema moyo unakwenda mbio, wakampa vidonge. Kucha zake mkewe alizikata jioni, akazikata tena kabla ya chai ya asubuhi. Mvi zilianzia masikioni, zikakutana utosini. Ngozi ya mikono ikalegea.

Siku moja alimshika dada yake kiganja. Alijitahidi sana, akayatenganisha maneno.

"Mtoto. Hatanikuta."

Vidole akaenda kuufungua mkebe. Hakuiweka filamu kwenye mashine. Aliivuta kidogo dirishani, akaikagua kwa kioo cha kukuzia, picha moja moja. Kitanda kile kile. Mwanamke yule yule. Lakini kivuli cha ukutani hakikuwa na kofia. Na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka.

Kaka yake ndiye mwenye bega la kushoto lililoshuka. Alianguka kutoka kwenye ngazi ya kufungia nyaya za umeme akiwa kijana.

Yeye na wifi yake walimkuta bibi mwenye mkebe kibarazani kwake, anashona kifungo cha shati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu." Aliwatazama, akamtazama mjamzito kwa muda mrefu zaidi. "Mpini aliushika nani?"

"Kaka yangu."

"Mwanamume." Bibi akaichomeka sindano kwenye kitambaa, akaiacha hapo. "Na alikwenda mbio?"

Wifi akainamisha kichwa.

"Yule kwenye filamu ni bibi yangu," alisema. "Na mtoto ni mjomba wangu niliyekosa kumjua. Babu alitaka kunasa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukinasa: pumzi inavyomtoka mtu. Mkewe alimwomba aache mashine akamwite daktari. Mmemwona akimwomba. Babu akazungusha mpaka akaipata pumzi ya mwanawe. Alikuwa kijana. Mwaka haukwisha, akazikwa mzee."

"Na nyinyi je?" Vidole aliuliza. "Mmeitazama vipi miaka yote?"

"Mwanamume akishika mpini, bibi yangu humwona mumewe. Wanawake ndio wanaozungusha. Polepole, kwa mwendo wa kitambaa chake. Tunamrudishia muda alionyimwa na mwanawe, anatulia. Nilitaka na watu wengine wamwone, wamlilie, maana sisi tumebaki wachache. Nilimweleza meneja wenu yote haya. Akacheka. Akasema, 'Bibi, mwanamume akishika ndiyo itauza tiketi.'"

Wifi aliyekuwa ameinamisha kichwa alikiinua polepole.

"Alijua?"

"Nilimwambia mara mbili."

"Mwanamke huyu humwachia mtu?" Vidole aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hamwachii. Hubadilisha. Mkono kwa mkono." Bibi akaichomoa sindano. "Sikufundishi, mwanangu. Umeniuliza, nami nimekujibu."

Njiani wifi hakufanya mzaha hata mmoja. Walipofika kwenye kona ya nyumbani alisimama kupumua, ameshika kiuno.

"Wifi," alisema. "Chapchap ana mikono miwili."

Walikubaliana hivyo hapo hapo, wamesimama. Vidole ndiye angempa mpini, kwa kuwa kaka ni wake, damu ni yake. Haikuwa kazi ngumu. Alimwambia meneja kwamba kuna watu wa gazeti wanakuja, wanataka kumpiga picha yeye mwenyewe akiwa na mashine ya kale, hivyo aje mapema ajizoeze. Jumamosi iliyofuata, mchana mweupe, kabla ya saa ya tiketi, Chapchap akaja amevaa tai.

Ukumbini, mstari wa nyuma, mzee mmoja aliketi amefunikwa shuka. Alitetemeka bila kupumzika. Chapchap alimpita.

"Fundi wenu yuko wapi? Mvivu yule, mafua tu wiki nzima!"

Hakumtambua.

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo. Hakikuwa na dirisha, ila kile kitundu cha kurushia picha. Mlango ulikuwa mmoja. Vidole aliwasha taa ya mashine, akageuka kumkabidhi mpini, na hapo akaona kitu kidogo. Shingoni Chapchap alikuwa amejikata na wembe, akabandika kikaratasi kuzuia damu. Kikaratasi kilikuwa na doa jekundu. Alikuwa mtu. Kuna nyumba ambako angesubiriwa jioni.

"Bosi," Vidole alisema. "Bosi, kabla hujashika..."

"Nini? Sema chapchap."

Vidole hakuweza kuunyoosha mkono wake.

Mlango ukasukumwa. Tumbo liliingia kwanza, kisha wifi.

"Karibu, Bosi," alisema. "Shika hapa. Ni rahisi tu."

"Yule bibi alinipa hadithi, eti mwanamume asishike." Chapchap alicheka. "Mnaiamini?"

"Maneno ya wazee, Bosi."

Akauchukua mkono wake, akauweka kwenye mpini. Akaufunika kwa wake, akauzungusha naye mara moja, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Akauachia.

"Zungusha," alisema.

Wakatoka. Mlango ukafungwa. Wakasimama pale pale mlangoni, kutoka hapo unaiona turubai yote.

Chumba. Kitanda. Mwanamke.

Kitambaa kilikwenda mbio. Kikazidi. Mpini ulilia krr, krr, krr. Hakuna aliyecheka. Hakukuwa na piano.

Ukutani, kivuli chenye bega lililoshuka kilififia. Kikaondoka. Kingine kikasimama mahali pake. Kifupi. Chenye tumbo.

Mstari wa nyuma, mtetemeko uliisha. Fundi aliinua mkono, akajikuna pua. Polepole. Polepole kama watu wote.

"Nina njaa," alisema. Kila neno lilisimama peke yake.

Mvi zake hazikurudi kuwa nyeusi. Wala ngozi haikurudi. Lakini kifua chake kilipanda na kushuka kwa utaratibu, na Vidole alilia akiwa ameuma kitambaa cha mkono ili asisikike.

Mwanamke wa turubai alimfunika mtoto uso. Akageuka. Akatazama kwenye kitundu. Safari hii alitazama kwa muda mrefu mno. Filamu ikaisha. Turubai ikabaki nyeupe.

Mpini haukuacha.

Krr, krr, krr.

"Bosi?" Vidole alinong'ona mlangoni.

Krr, krr, krr.

Sauti ndani ya chumba ilikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mzee sana. Mpini ukaendelea. Jua la mlango wa nje likasogea sakafuni, likapanda kiti cha kwanza, likapanda cha pili. Kisha kimya.

Wifi ndiye aliyefungua.

Hakukuwa na mtu. Wao wawili walikuwa hawajabanduka mlangoni, na paka tu angeweza kupita kwenye kitundu kile, tena paka mwembamba. Taa ya mashine ilikuwa inawaka. Vidole aligusa mpini. Ulikuwa wa moto. Viatu vya meneja vilikuwa chini, kamba zimefungwa. Na kuvizunguka viatu, sakafu nzima kutoka ukuta hadi ukuta, zilikuwapo nywele nyeupe, zimefika kwenye vifundo vya miguu. Ndani ya nywele kulikuwa na kucha. Ndefu, za manjano, zimejikunja kama maranda ya seremala.

Chini, watu wa kwanza walikuwa wamekwisha kufika. Mmoja aligonga kioo cha dirisha la tiketi kwa sarafu.

Waliongea kwa kunong'ona, haraka. Iliamuliwa filamu isichomwe. Irudishwe kwa bibi, ishikwe na mikono inayojua. Iliamuliwa wakiulizwa, waseme meneja alipanda juu kujaribu mashine na hawakumwona akishuka, maana huo ni ukweli. Na chumba kiwe safi kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi.

Vidole alijaribu kushika fagio likamponyoka. Kaka yake hakuwa na nguvu ya kusimama.

Wifi akalichukua. Akajifunga vizuri kiunoni, mkono mmoja mgongoni kuutegemeza mzigo wake, akaanza kufagia kutoka pembeni kuelekea mlangoni.