Kibuyu Kilichopakwa Mkaa Mdomoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Nalepo alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko hesabu: kusafisha kibuyu cha maziwa. Alitakiwa kukiosha kwa maji ya moto, kukisugua ndani kwa brashi ya mkia wa ng'ombe, kisha kukifukiza kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien mpaka kikauke na kunukia moshi. Ndivyo maziwa yanavyotunzwa kwao, nje kidogo ya Ngaramtoni. Moshi ulimwumiza macho, na mabaki ya jana yalimgandia vidoleni. Kinyaa kitupu!

Wiki ile mama yake alikuwa amejifungua, na maziwa ya kibuyu ndiyo yaliyompa nguvu ya kunyonyesha. Nalepo naye akabuni ujanja, tena ujanja wa kipuuzi kabisa. Alisuuza kibuyu kwa maji baridi, akapaka mkaa mdomoni tu ili kionekane kimefukizwa. Hakuna aliyemshtukia, basi akaendelea hivyo hivyo siku zilizofuata.

Jumamosi alirudi kutoka bombani akamkuta mama ameinama mlangoni, anatapika. Mama alikuwa na mafua, pua zimeziba, akanywa kikombe kizima cha maziwa ya kibuyu bila kusikia harufu. Kitandani mtoto alilia kwa njaa, na mama hakuweza hata kukaa amnyonyeshe.

Shangazi Hanna, mwalimu wa kemia katika sekondari moja mjini, alikuwa amekuja kumsaidia mzazi. Alikinusa kibuyu, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Nalepo, ulikifukiza?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akakikung'uta uani. Yalidondoka mabonge ya kijani na ute unaovutika kama kamasi, na ndani ya ute funza walijinyonganyonga. Nzi wakavamia papo hapo. Nalepo aliziba pua. Mama yake alikuwa amekunywa maziwa yaliyokaa juu ya uozo ule!

"Nilipaka mkaa mdomoni tu," alisema huku akilia. "Sikukifukiza."

"Mungu wangu! Mzazi unamnywesha uozo?"

Bajaji iliitwa, wakakimbilia zahanati. Mama alipewa dawa na maji ya chumvi na sukari, na jioni akaweza kumnyonyesha mtoto. Waliporudi nyumbani, shangazi alikitupa kibuyu kile motoni.

"Lakini sikutia kitu kibaya ndani," Nalepo alijitetea.

"Haihitaji mtu atie kitu. Maziwa yana nishati. Vijidudu vilivyobaki kwenye uchafu huyavunjavunja, nishati hiyo ikapungua, na vilivyokuwa vimepangika vikatawanyika. Mtawanyiko huo wanakemia wanauita entropia. Mabadiliko ya namna hiyo hujiendea yenyewe, hayangoji mtu ayasukume."

"Na hayawezi kurudi?"

"Yenyewe, hapana. Ute ule hauwi maziwa hata ukeshe unautazama. Mpaka jua liwake, majani yaote, ng'ombe ale, akamuliwe. Nishati nyingine itumike. Hata usafi ni hivyo hivyo, mwanangu. Uchafu unakuja bure, usafi unaugharamia kwa kazi kila siku."

Kesho yake Nalepo alipewa kibuyu kingine. Alikisugua, akakifukiza, machozi yakamtoka lakini hakununa. Baada ya kukamua, akampelekea mama kikombe cha maziwa. Mama alikipokea, akachungulia ndani kwa muda mrefu, kisha akamrudishia.

"Mpe shangazi yako aonje kwanza, mwanangu."

Nalepo alitoka nje na kikombe mkononi, akilia kwa kwikwi. Maneno yale yalimwuma kuliko fimbo.

"Mama haniamini tena," alimwambia shangazi.

"Ndiyo, hakuamini. Imani nayo ilijiendea pale ulipoacha kazi, na kwa machozi hairudi," shangazi alijibu. "Itarudi kwa kibuyu safi cha leo, na cha kesho, na cha keshokutwa, hata kama hakuna anayekutazama."

Alichukua kikombe, akaonja maziwa, akatikisa kichwa kukubali, akakirudisha kwa mama. Nalepo alifuta kamasi, akaenda kutafuta kuni za oloirien za kesho.