Mashine Isiyojua Salamu

Kila alasiri, watoto wa chama cha kompyuta mjini Korça walibaki darasani na Mwalimu Petrit. Walikuwa wakiitengenezea zahanati ya mtaa mashine ya simu: mgonjwa apige, aeleze shida yake kwa maneno yake mwenyewe, apangiwe siku ya kumwona daktari.

Brikena, mwenye miaka kumi na mitatu, alipewa kazi ya kuwatembelea wazee na kurekodi wanavyozungumza wakiugua, ili mashine ijifunze kuwaelewa.

"Wale ukiingia hutoki," alimlalamikia binamu yake, Ermal. "Kahawa, jamu, halafu uulizwe mpaka hali ya paka wenu."

"Si tuwaigize? Mimi hapa babu kamili," Ermal akasema, akajikoholesha.

Wakajirekodi huku wakicheka: "Hujambo. Mguu unaniuma. Nataka daktari." Mwalimu akapelekewa rekodi hizo, akawasifu, akaifunza mashine kwazo.

Mashine ikaanza kazi. Bibi Nadire, jirani yao mwenye kisukari, akapiga kwa ajili ya kidonda cha mguu.

"U hali gani?" mashine ikauliza.

"Mzima, namshukuru Mungu. Wewe je, mwanangu? Wa nyumbani hawajambo?"

"Vizuri. Huhitaji daktari. Kwaheri."

Sasa Korça nzima, nani hutanguliza kidonda mbele ya salamu? Ugonjwa husemwa mwishoni, tena kwa kunong'ona. Bibi Nadire aliona amefukuzwa, akaona haya kupiga tena. Majirani walipokuja kujua, kidonda kilikuwa kimeoza. Hospitali wakamkata vidole vya mguu.

Brikena alimwendea Mwalimu, akasema yote.

"Nami nilisifu bila kuuliza sauti ni za nani," Mwalimu akajibu. "Kamwambie Bibi Nadire mwenyewe."

Bibi Nadire alimsikiliza akiwa kitandani hospitalini. "Kumbe mliniigiza. Na mimi niko mlango wa pili. Si ungebisha?"

Brikena akaanza upya, nyumba kwa nyumba. Mashine ikafundishwa kuitikia salamu, kungoja, kisha kuuliza tena taratibu. Siku hizi wazee hupangiwa daktari bila taabu, na wengine huisifia adabu yake.

Bibi Nadire aliporudi nyumbani, aliijaribu, akapata siku yake. Akaweka simu chini.

"Imekuwa nzuri," alimwambia Brikena. "Ukitaka kumrahisishia mtu jambo, msikilize yeye, usijisikilize mwenyewe. Wewe ulikwepa uchovu wa alasiri chache tu, mjukuu wangu. Mimi nitaulipia kila nikivaa kiatu."