Ncha ya Kumi na Moja

Jua lilikuwa linazama Ebei aliposhuka Kakuma na kopo la maziwa ya unga kwapani. Ndani ya kopo hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na ncha za mishale, za jiwe jeusi la kioo, zilizotoka kwenye msingi wa nyumba aliyokuwa akijenga Lodwar, katika ploti yake mwenyewe, ya kwanza maishani mwake. Mafundi walizikuta wakichimba, wakatupa majembe na kwenda zao. Walisema ni kazi ya ekapilan, mchawi, na kwamba hawarudi ng'o mpaka mtu anayejua mawe aseme vingine.

Ebei hakuwa mtu wa kutishwa na mawe. Alikuwa seremala, mtu wa futi na inchi, na Desemba ile ya 2012 watu walikuwa wakigombania ploti Lodwar tangu habari za mafuta zienee. Asingeiacha yake kwa porojo za mafundi. Tena alikuwa amemwacha mkewe, Asinyen, pale pale kwenye kibanda cha mabati, alinde saruji isiibwe. Asinyen alikuwa na mimba ya miezi saba.

Ebei alimwendea mzee Mukendi, mkimbizi kutoka Kongo, ambaye kwao aliwahi kufanya kazi na wachimbaji wa vitu vya kale. Alimkuta amekaa mlangoni pake, ndani ya kambi.

"Ejok, mzee."

"Ejok, papa. Karibu. Leta tuone."

Mukendi akatandika kitenge, akawasha tochi, akatoa ncha moja moja. Alizitazama kwa lenzi. Moja akailamba, akatema mate. Ebei akacheka. Mzee hakucheka.

"Hizi ni za batu ba zamani sana," alisema. "Miaka maelfu. Unaona ngozi yake imefifia? Jiwe nalo linazeeka. Hii imevunjika ncha, haina thamani. Hii iko nzima, batu ba makumbusho batafurahi nayo. Mchawi hapana. Ambia mafundi barudi."

Ebei alishusha pumzi. Nyumba yake ilikuwa imepona, na mwanawe angezaliwa chini ya paa la babake.

"Ulisema ni ngapi?" Mukendi aliuliza.

"Ni tisa. Mimi mwenyewe nimehesabu."

"Iko kumi."

Ya kumi ilikuwa chini kabisa ya kopo. Mukendi aliigeuza mara moja tu, akaitua haraka, akaanza kunyonya kidole. Damu. Makali yake yalimeremeta kama chupa iliyovunjwa sasa hivi.

"Hii haina ngozi," alinong'ona. "Imechongwa juzi. Pengine jana."

"Nani anachonga mawe siku hizi, mzee? Watu iko na bunduki."

"Ndiyo mimi nakuuliza weye."

Mzee akaokota mawe mawili uani, akamwonyesha kazi ile inavyofanywa. Tk… tk… tk. Polepole, na kila pigo kigae kinaruka.

"Hivi," alisema. "Muda mrefu, hivi. Mwenye kulala karibu lazima asikie."

Ebei akatoa simu. Akakosea kubonyeza mara mbili.

"Asinyen, uko salama?"

"Niko salama. Kwani umewarudisha mafundi bila kuniambia? Nasikia mtu anagonga mawe kule kwenye msingi."

Ebei akasimama ghafla.

"Usitoke! Funga mlango. Asinyen, usitoke nje, nakuomba!"

Kisha akaisikia mwenyewe. Hafifu… mbali… ndani ya simu.

Tk… tk…

Tk.

Kimya.

"Haya," Asinyen alisema, "ameshamaliza."

Simu ikakatika.

Gari halikuwepo. Barabara ile giza likiingia hakuna anayeipita bila msafara wa polisi. Ebei alikaa kwenye kigoda cha Mukendi akipiga namba ile ile, haipatikani, haipatikani, akilia waziwazi mbele ya mtu aliyemjua kwa saa moja tu. Mzee alimshika bega na kusali kwa lugha ya kwao.

Asubuhi alimkuta Asinyen mzima, anachemsha chai, akashangaa mumewe anamkumbatia hivyo mbele za watu. Simu iliisha chaji tu. Hakuwa ametoka. Lakini kando ya msingi palikuwa na harufu ya jiwe lililogongwa, kali, ya kuunguza pua, na nyayo mbili pana za mtu aliyechuchumaa mchangani. Hapakuwa na nyayo za kuja. Hapakuwa na nyayo za kuondoka. Kati ya nyayo hizo mbili kulikuwa na rundo la vigae vyeusi.

Siku hiyo hiyo alimhamishia mkewe Kataboi, kwa mamake Asinyen. Vigae alivikusanya vyote na kumpelekea Mukendi, aliyekaa siku tatu akiviunga kwa gundi, kimoja baada ya kingine, mpaka jiwe likarudi kuwa jiwe. Ila katikati pakabaki uwazi. Uwazi wenye umbo la ncha, mrefu kuliko zote kumi.

"Hii si ya ndege," Mukendi alisema. "Si ya swala."

"Na yenyewe iko wapi?"

"Ulichekecha mchanga?"

"Yote. Mara mbili."

Mzee akazima tochi yake. "Basi alienda nayo."

Februari 2013 Asinyen alijifungua mtoto wa kike, wote wazima. Ndugu wanamsihi Ebei arudi Lodwar amalizie nyumba, mambo yamepita. Kila jioni anatandika mkeka wake mlangoni wanapolala mkewe na mtoto, na kulala mgongo ukiwa upande wa nje, kwa sababu siku ncha ile ikija, anataka ianze na yeye.