Maharage Ishirini ya Uongo

"Mama, hilo daftari umewahi kuliona?"

Mwanangu aliniuliza mbele ya watu, ofisini kwa mwalimu mkuu.

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu, nimeukumbatia kama mtoto mchanga...

"Sijaliona," nikasema.

Mtu mzima mimi, mvi kichwa kizima.

Kocha akanitazama. Nilingoja anibishie, hakunibishia. Aliinamisha macho tu. Mwalimu mkuu akamwambia aiache filimbi pale mezani na asikanyage uwanjani hadi aitwe. Akaivua shingoni, akaizungushia kamba yake vizuri, akaiweka, akatoka.

Na mimi nikanyamaza.

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, ngojeni niwaeleze tangu mwanzo. Mkinisema, mniseme mkiwa mmejua yote.

Mjukuu wangu tunamwita Kiberiti, kwa wembamba wake na kwa anavyowaka haraka ukimgusa. Anacheza mpira wa wavu shuleni. Akiruka, utadhani kuna mtu juu kamvuta kwa kamba. Kuruka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kutua.

Kocha alikuja nyumbani mwenyewe kunionyesha. Alimsimamisha Kiberiti kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, akamwambia aruke chini. Akatua puu, magoti yakagusana.

"Unaona, Bibi? Magoti yake yanataka kunong'onezana. Siku moja, moja litakatika."

Akachora mistari miwili ya chaki sakafuni. Nyayo zitue juu ya mistari. Magoti yaelekee mbele, usawa wa vidole. Makalio yarudi nyuma kidogo, kama mtu anayekitafuta kigoda. Na kishindo kisisikike. Kila jioni apashe mwili moto kwanza dakika kumi, ndipo atue mara ishirini.

Mimi akanikabidhi daftari. Alisema kasikia nina subira, naweza kuchambua gunia la maharage bila kuinuka.

"Ila Bibi, ukisikia kishindo, hiyo haihesabiki. Arudie. Akichoka, aache, uniandikie saba au tisa, si aibu. Nitampandisha kwa kufuata daftari lako."

Nikakubali kwa moyo mmoja.

Basi kila jioni nikawa nakaa na ungo wangu na kikombe cha bati. Akitua vizuri, natumbukiza punje moja ya haragwe. Ti. Akitua vizuri tena, ti.

Siku ya kwanza, kwa haki ya Mungu, alipata sita.

Mtoto katoka shule, kateka maji, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Akanitazama.

"Bibi, hiyo si nzuri kidogo?"

Kishindo nilikisikia. Hata sufuria kwenye rafu zilikisikia...

"Nzuri kidogo," nikasema. Ti.

Kesho yake nikamsamehe tatu. Keshokutwa saba. Kufika wiki ya pili natumbukiza bila hata kuinua macho, huku namsimulia habari za majirani. Daftarini naandika ishirini. Kesho ishirini. Keshokutwa ishirini.

Kocha akasoma, akampandisha, akawa anaruka kutoka kwenye benchi. Siku thelathini zilipotimia akamwambia, sasa utacheza fainali.

Siku hiyo nilikaa mbele kabisa, na khanga yangu mpya. Kiberiti akaruka, akaupiga mpira, watu wakasimama. Akatua kwa mguu mmoja. Nikaliona goti likiingia ndani, taratibu kabisa, kama mlango unaofungwa na upepo... Halafu sauti kama ya kijiti kikavu.

Daktari alisema kano ya goti imekatika. Upasuaji, na karibu mwaka mzima bila kuruka.

Mwanangu, baba yake Kiberiti, ni mwashi, hasira zake ziko karibu. Alisema kocha kamvunja mtoto kwa tamaa zake. Kocha akasema alifuata daftari la nyumbani. Ndipo nikaulizwa lile swali.

Wiki mbili chakula hakikupanda. Kila nikimimina maharage sufuriani nasikia ti, ti, ti. Kiberiti yuko kitandani, mguu juu ya mto, hanilaumu. Heri angenilaumu.

Mchana mmoja nampelekea uji, akaniuliza:

"Kocha atarudi lini?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Bibi... unajua."

Akageukia ukutani.

Asubuhi yake nilimwambia mwanangu kila kitu. Aliweka kikombe chake cha chai chini, hakukigusa tena. Njia nzima hadi shuleni alitembea mbele yangu, hajageuka hata mara moja.

Kocha naye aliitwa. Nikalitoa daftari, nikaliweka pale pale ilipokuwa filimbi. Nikasema nilivyodanganya, nikasema na nilivyokana. Kisha nikangoja matusi yangu.

Kocha akalisukuma daftari kwangu.

"Bibi, nisomee siku ya tisa."

"Ishirini."

"Ya kumi na tisa?"

"Ishirini."

"Ya thelathini?"

Nikalifunika daftari kwa kiganja. Akanijibia mwenyewe.

"Ishirini. Mimi nimecheza miaka kumi na mbili, sijawahi kupata ishirini siku tatu mfululizo. Niliujua uongo wako tangu wiki ya pili."

Mwanangu akamuuliza, polepole sana, kwa nini basi alinyamaza.

Kocha akaitazama ile filimbi.

"Nilitaka kombe."

Kumbe siku ile hakunibishia kwa sababu tulikuwa wezi wawili wa goti moja.

Hakurudishiwa filimbi mpaka muhula ulipokwisha. Alipoirudia, aliwekewa sharti: hakuna mtoto wa kupandishwa kwa daftari, mpaka amwone kwa macho yake akitua.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nilichelea jasho tu, jamani, hata si machozi. Nanyi mnaowahesabia watoto wenu, kama umesikia kishindo, sema umekisikia.

Jana, baada ya miezi kumi na ruhusa ya daktari, Kiberiti alisimama tena kwenye ile ngazi. Mistari ya chaki mipya, kikombe kile kile. Alitua ya tano, nikasikia kakishindo kadogo, kama paka kaangusha kijiko.

"Bibi, hiyo si nzuri kidogo?"

Mkono ulikuwa tayari umeshika punje. Nikairudisha kwenye ungo.

"Haihesabiki."

Akanuna, akasema kachoka, akaingia ndani. Nikalifungua daftari jipya, nikaandika nne.